Hema Lililobaki Uwanjani

Mahema yalisimamishwa kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, upande wa chini wa mtaa wetu wa Namakwekwe, pale vyumba vya kupangisha vinapokwisha na mashamba ya mahindi kuanza. Watu waliokuwa ndani yake walitoka Teso. Waasi walikuwa wameshuka kutoka kaskazini, wakachoma nyumba na kuteka watoto, na mji wetu wa Mbale ukajaa watu waliobeba magodoro, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Mwanzoni walilala kwenye varanda za maduka. Baadaye yakaletwa mahema meupe ya plastiki, shule ikafungwa, na uwanja ukawa mtaa.

Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ya mji. Sista mkuu wetu, mwanamke mnene wa Kigisu ambaye hakupandisha sauti hata alipokasirika, ndiye aliyenichagua niwe nakwenda uwanjani kila asubuhi.

“Wewe Kiswahili ni chako,” aliniambia. “Kule wamechanganyika, na wengine ni wake wa askari. Mtasikilizana.”

Kweli Kiswahili kilikuwa changu, nilikikuta nyumbani pamoja na Kinubi. Kwetu ni Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwenye barabara ya Iganga. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda kama askari kutoka Sudan, na wanaume wa ukoo wetu hawakujua kazi nyingine isipokuwa bunduki, mpaka serikali ya wanajeshi ilipoanguka na jeshi likatutapika.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya hema la mwanzo na sanduku langu la dawa, nikaita, “Hodi, wenyewe!” Kimya. Nikasogea la pili, nikaita tena. Mtoto aliyekuwa akilia ndani alinyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilikuwa nasogea la tatu nikasikia mtu nyuma yangu.

“Sista, usiite kwa Kiswahili.”

Na yeye alikuwa amelisema hilo kwa Kiswahili. Nikageuka, nikamwona mwanamke mrefu, mwembamba, ana dumu la maji mkononi na mtoto wa kiume mgongoni.

“Kwa nini nisiite?” nikamuuliza.

“Watoto wanadhani jeshi limekuja. Hata wakubwa. Kiswahili walichosikia hawa ni ‘fungua’, ni ‘lala chini’, ni ‘leta’. Anza na salamu ya kwetu. Sema *yoga*. Hata ukikosea watacheka, halafu watafungua.”

“Na wewe umekijulia wapi?”

“Bwana yangu ni askari magereza, Jinja. Nimekaa nyumba za askari tangu niolewe.”

Nikasema *yoga*. Nilikosea, wakacheka, wakafungua. Kuanzia siku hiyo yule mama ndiye aliyenitangulia kutoka hema hadi hema. Nilipomwambia kwamba mimi ni wa Bugembe alisimama katikati ya njia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa akienda sokoni kwetu kununua samaki. Alilijua duka la kona linalouza vitambaa, aliujua msikiti wetu, alilijua hata tope la pale stendi.

Hema lake lilikuwa safi kuliko vyumba vingi nilivyoviona mjini. Alilizungushia mfereji mdogo ili maji ya mvua yasiingie, na mlangoni aliweka matofali mawili ya kufutia miguu. Akinikaribisha alisema, “Karibu nyumbani, Sista,” bila mzaha. Lakini hema ni hema. Saa sita mchana joto la plastiki lilikuwa linakaba koo, na alfajiri baridi ya mlima ulio juu ya mji ilipita chini ya kingo zake ikawakuta watoto wamelala juu ya magunia. Walikuwa watatu: msichana mkubwa wa miaka tisa hivi, wa pili kama wa miaka sita, na yule wa kiume wa mgongoni.

Habari za mume wake sikumuuliza. Alinieleza mwenyewe siku moja tukipanga foleni ya chanjo ya polio, ya surua ikiwa haijatufikia bado. Walikuwa wametoka Jinja wakaenda kijijini kwa likizo, kuvuna karanga. Waasi wakaingia asubuhi. Wakakimbia wote pamoja, na kwenye njia panda mume akasema anarudi kumchukua mama yake, kwa sababu bibi yule hakuweza kukimbia.

“Akaniambia, ‘Nendeni mbele, nitawakuta kisimani.’ Tukangoja kisimani. Tukangoja mpaka watu wa nyuma wakaja wanakimbia, wananipigia kelele nisisimame. Tangu hapo, Sista, sigawi tena. Sisi tunakwenda pamoja au hatuendi.”

“Na nyumba ya Jinja?”

“Nyumba ni ya askari anayekwenda kazini. Asipoonekana kazini, anapewa mwingine. Ndiyo utaratibu. Hata mimi ningekuwa mkubwa wao ningefanya hivyo hivyo.”

Alisema bila uchungu, huku akiwasukuma watoto wasonge mbele kwenye foleni.

Mvua za kwanza ziliponyesha, surua iliingia. Nilikuwa nimeiogopa tangu mwanzo, maana wengi walikuja bila chanjo, na mahema yalibanana mpaka ukikohoa kwako jirani anaamka. Asubuhi moja nilimkuta yule binti wa pili amelala uso kwa ukuta wa hema, amejifunika kitenge machoni kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza. Nikamfungua mdomo. Ndani ya mashavu vile vidoa vyeupe vya surua vilikuwa vimejaa kama chembe za chumvi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa haraka.

“Huyu anakwenda hospitali sasa hivi,” nikasema.

“Tutakwenda wote.”

“Wodi ile hairuhusu. Mama na mgonjwa tu. Hawa wengine hawajaugua, siwezi kuwapeleka kwenye vitanda vya wagonjwa.”

“Basi umtibu hapa.”

“Siwezi kumtibu hapa. Kichomi kimeshaingia. Anahitaji oksijeni.”

Aliwakusanya watoto wake wote watatu akawakalisha mapajani, yule mgonjwa pia, kama mtu anayekusanya nguo mvua inapokuja.

“Sigawi,” akasema.

Nilirudi zahanati mbio nikamweleza sista mkuu. Nilimwomba ruhusa niwachukue wale wawili chumbani kwangu Namakwekwe mpaka mama yao atoke wodini. Hakukasirika. Aliniambia nikae.

“Ukichukua hawa leo, kesho jirani yao atakuomba nini? Na keshokutwa? Tena wamelala na mgonjwa. Unataka kuipeleka surua kwenye nyumba ya kupanga, vyumba kumi na choo kimoja?” Akanisogezea kikombe chake cha chai. “Mimi pia wananiuma. Lakini wewe ni muuguzi wa uwanja mzima. Tafuta njia nyingine.”

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera. Nilirudi uwanjani. Kwenye hema la jirani alikaa mama mmoja wa makamo aliyepoteza watu wake wote, mwanamke asiyeongea sana, na watoto wale walikuwa wamemzoea. Nilimwomba. Akakubali kwa kichwa tu. Kisha nikachuchumaa mbele ya yule mama.

“Nitawaona watoto wako kila siku, asubuhi na jioni,” nikamwambia. “Hawatatoka uwanjani humu bila wewe.”

“Niapie.”

“Wallahi.”

“Mimi ni Mkristo, Sista. Niapie kwa lile unaloliogopa.”

“Ndilo hilo ninaloliogopa.”

Akasimama. Akamfunga yule mgonjwa mgongoni, akamwinamia msichana wake mkubwa akamwambia kitu kwa Kiteso, kirefu, na msichana akajibu neno moja tu. Kisha tukaenda.

Siku zile zile niliitwa kwenye mkutano wa baraza la mji. Alikuwapo mwenyekiti, alikuwapo mwalimu mkuu wa shule ile, na afande wa polisi aliyepewa usalama wa kambi. Mwalimu mkuu alisema maneno ya kweli: watoto wa mji walikuwa mitaani, mitihani ilikuwa inakaribia, na uwanja pamoja na vyoo vya shule vilikuwa vimeharibika. Mwenyekiti akasema hali imetulia huko Teso, imepatikana kambi nyingine karibu na kwao, watu watahamishwa kwa malori. Halafu akanigeukia.

“Sista, tuambie kitaalamu. Ile kambi ya uwanjani ni salama kwa afya?”

“Si salama,” nikasema. “Vyoo vimejaa na surua imeingia. Lakini kuwapakia sasa ni hatari zaidi. Mtawachanganya wagonjwa na wazima kwenye lori moja, mtawapeleka mahali ambapo hatujui kama kuna zahanati. Tupeni muda tumalize chanjo, tuchimbe vyoo vingine. Baada ya hapo wahamisheni.”

Mwenyekiti aliinamisha kichwa kwa heshima, akanishukuru. Kesho yake gari la matangazo lilipita Namakwekwe likitangaza kwamba wataalamu wa afya wamesema kambi ni hatari, kwa hiyo inafungwa. Walikuwa wamechukua nusu ya maneno yangu. Nilisimama mlangoni pa zahanati nikilisikiliza gari lile likiishia upande wa soko, na sista mkuu akaniwekea mkono begani.

Malori yalikuja asubuhi ya mvua nyepesi. Nilipofika, nusu ya mahema yalikuwa yameshalala chini. Watu hawakupiga kelele. Walikunja vitu vyao kama watu waliokwisha kuzoea kukunja. Kila aliyekuwa na mtoto mwenye joto alikuwa amemfunika gubigubi ili asionekane, wasije wakatenganishwa, na mimi nilikuwa nawaona na wao walijua nawaona. Nilipita nikiwapa wale niliowafikia dawa ya homa na matone ya vitamini, nikiwaambia akina mama wakae upande wa nyuma wa lori wenye hewa. Sikuwa na kingine cha kuwapa.

Nilipofika hema la yule mama, polisi wawili walikuwa wanang'oa kamba. Msichana mkubwa amesimama mbele ya mlango, kaka yake mdogo kiunoni, ameng'ang'ania nguzo ya hema kwa mkono mmoja. Mama jirani alikuwa ameshapandishwa kwenye lori.

“Hawa hawapandi,” nikasema.

Polisi wakamwita afande. Alikuja taratibu ndani ya koti la mvua, mtu mrefu mweusi wa kaskazini, rozari imening'inia kwenye mfuko wa shati.

“Sista, mimi nimepewa amri tu. Uwanja uwe wazi leo.”

“Afande, mama yao yuko wodini na mwenzao anayekata roho. Niliapa atawakuta hapa.”

“Wewe uliapa. Mimi sikuapa.”

“Basi na mimi nina amri. Watoto hawa wamelala na mgonjwa wa surua. Kwa kazi yangu nawazuia kusafiri. Ukiwapandisha, nipandishe na mimi, na huko mtakakotushusha useme nani alinipandisha.”

Nilikuwa nimesimama wima, mikono ubavuni, visigino pamoja. Sikujua kwamba nimesimama hivyo mpaka nilipoona anaitazama miguu yangu.

“Wewe ni mtoto wa askari,” akasema.

“Ndiyo, afande.”

“Mnubi?”

“Mnubi. Wa Bugembe.”

“Baba yako alikuwa kwenye jeshi la serikali ile?”

“Ile ile.”

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuifuta. “Baba yangu pia alikuwa askari,” akasema. “Serikali ile ilikuja kumchukua kambini, hapo Jinja. Mimi nilikuwa sawa na huyu.” Alimwonyesha msichana kwa kidevu. “Nilikuwa nimeshika mlango hivi hivi.”

 Baba yangu alikuwa ameshakufa, na mambo mengine hakutueleza kamwe, na sisi hatukuuliza. Nilisema tu, “Pole, afande.” Neno lilikuwa dogo mno na wote wawili tulilisikia udogo wake.

Akawageukia watu wake. “Hilo hema liacheni.”

Nikapata moyo nikaanza kumweleza juu ya wale wagonjwa waliofunikwa kwenye malori. Akanyanyua mkono.

“Hilo moja, Sista. Usiniombe lingine. Tafadhali.”

Malori yakaondoka kushika barabara ya kwenda mji wa Kumi, kule Teso. Uwanja ukabaki na matope, majivu ya mafiga, kandambili zisizo na jozi, na hema moja katikati. Niliingia ndani nikakaa na watoto wale wawili. Msichana alinyoosha gunia la kukalia, akanikaribisha kama mama yake alivyokuwa akinikaribisha. Baadaye tulisikia kwamba surua iliwafuata wale wenzao mpaka kambi ya pili, na watoto walikufa huko. Wangapi, hakuna aliyeniambia, na wale ninaowakumbuka nyuso sijui hata leo nani alipona.

Binti wa pili alifariki siku iliyofuata, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya kiganja cha mama yake. Nilikuwapo. Mama hakulia pale. Aliniuliza swali moja.

“Wenzake wako wapi?”

“Nyumbani kwako. Wanakungoja.”

Alipofika akaona uwanja umekuwa mtupu na hema lake peke yake limesimama. Alikaa kwenye matope akawavuta wale wawili, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kwao, kirefu, ambacho wenye maduka ya karibu walikuja kukisikiliza wakiwa wamevua kofia.

Kumzika binti ikawa shida nyingine. Kwao mtoto huzikwa nyumbani, karibu na ukuta wa nyumba ya mama yake. Njia ya kwao ilikuwa haipitiki bado, na gari la kubeba maiti hakuna dereva aliyekubali.

“Nimwache hapa ugenini?” alikuwa anauliza kila mtu, mpaka mhudumu wa chumba cha maiti. “Hajui mtu hapa. Nimwache na nani?”

Tulimpeleka makaburi ya mji, upande wa wasio na ndugu. Sista mkuu alileta sanda kutoka nyumbani kwake. Katekista mmoja alikubali kuja kusali. Tulipofika tulikuta kaburi limeshachimbwa, refu na lililonyooka vizuri, na polisi wawili wamesimama kando wakifuta matope kwenye majembe yao. Wakasema afande ndiye aliyewatuma. Yeye mwenyewe hakuja. Nilisimama nyuma kidogo, nikamwombea kwa dua za kwetu, kimoyomoyo.

Shule ilipofunguliwa, hema lile nalo lilibidi liondoke. Ofisi ya zamani ya mume wa yule mama ilikuwa imemwita Jinja kueleza yaliyompata, na hakuwa na mahali pa kufikia. Nikawapeleka Bugembe kwa mama yangu.

Nilikuwa na hofu. Mama alikuwa mkali, na watu wa Teso wengi wao hawakutupenda sisi Wanubi, kwa sababu zao. Lakini mama alimtazama yule mgeni akishuka na furushi lake, akawatazama watoto, akaingia jikoni. Akatoa chai ya maziwa yenye tangawizi, akatoa mandazi, akatandika mkeka. Ndipo akaanza kuongea, bila kuulizwa, mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia yote.

“Sisi tulitolewa kambi ya jeshi asubuhi, serikali ilipoanguka,” alisema. “Huyu muuguzi wenu nilikuwa nimembeba. Tulikaa chini ya turubai nyuma ya msikiti mpaka likaoza. Watu wakipita walikuwa wanatema mate. Mama mmoja tu, Msoga, mwenyeji wa hapa, muuza ndizi, alikuwa akitupa zilizobaki jioni. Hakuwa anatusalimu. Anaweka chini, anakwenda zake. Hata jina lake sikuwahi kulijua.”

Yule mama wa Teso alikuwa akisikiliza huku mtoto wake wa kiume akilala pajani pa mama yangu.

“Na wewe ulifiwa na watoto?” akamuuliza.

“Mmoja. Kuhara. Huyu hamjui, alikuwa mdogo wake, alizaliwa pale pale chini ya turubai.”

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini. Miaka yote ile nilidhani mimi ni kitinda mimba.

Walikaa kwa mama yangu muda mrefu kuliko tulivyopanga. Msichana mkubwa alianza shule pale pale Bugembe, na mama yake akapata meza ya kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu. Ofisini walimwambia kwamba askari mmoja mwenzake wa mume wake, mtu wa kijiji jirani, aliuona mwili wa marehemu kwenye njia ya kisima. Alirudi nyumbani na habari hiyo akaanza kukaanga samaki, kwa kuwa binti yake alikuwa ameshachemsha mafuta.

Amani iliporudi Teso aliondoka, akajenga kibanda mahali pale pale palipochomwa. Kisha, baada ya mavuno mawili matatu, akaja Mbale na kaka zake wawili, wana baiskeli na sanduku dogo la mbao. Alikuwa amekuja kumchukua binti yake. Nilikwenda nao makaburini. Nilidhani napajua mahali. Lakini vita vilikuwa vimeleta wengi baada yake, vijiti vya alama vilikuwa vimechukuliwa kuwa kuni, na nyasi zilikuwa zimefunika kote sawasawa. Tulizunguka asubuhi nzima. Kaka zake wakataka kuchimba mahali pawili kujaribu.

“Hapana,” akawaambia. “Msimfukue mtoto wa mwingine.”

Akakaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, akiangalia mlima. Mimi nikakaa kando yake.  Jua lilipokuwa kali akasimama, akajifuta nguo, akaniaga kwa mikono yake yote miwili, akasema lazima wawahi njia, watoto wamebaki peke yao. Kaka mmoja akalifunga lile sanduku tena nyuma ya baiskeli, wakaondoka.